Umeme Uliopita Juu ya Mapaa ya Wanavajo

Mwezi wa Aprili mwaka 2019 magari makubwa yenye ngazi na mashine za kuchimbia mashimo yalianza kuwasili katika nchi ya Wanavajo, kusini-magharibi ya Marekani. Yalileta mafundi wa njia za umeme, wale ambao kazi yao ni kusimika nguzo na kuvuta nyaya. Baadhi yao walikuwa wamesafiri kutoka mbali kama Massachusetts, kwenye pwani ya Atlantiki. Aghalabu mafundi wa namna hii huitwa kusaidia baada ya tufani kuangusha nguzo. Safari hii tufani haikuwapo. Walikokwenda, nguzo hazikuwahi kusimikwa.

Jambo hilo linastahili kuchunguzwa, maana Marekani imetolewa mfano kwa miaka mingi katika kazi ya kupeleka umeme mashambani. Rais Franklin Roosevelt alipounda idara ya kusambaza umeme vijijini mwaka 1935, shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme, kwa sababu makampuni hayakuona faida ya kuwafuata wakulima. Sheria ya mwaka 1936 iliwapa wananchi mikopo nafuu. Wakaunda vyama vya ushirika, wakajijengea njia zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa yakiwaka taa.

Wanavajo wengi waliachwa nje ya maendeleo hayo. Itakumbukwa kwamba watu hawa walifukuzwa makwao na jeshi la Marekani mwaka 1864, wakalazimishwa kutembea mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Walirudi kwa mkataba wa mwaka 1868. Nchi yao ya leo, iliyomo katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 70,000, yaani kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na nyumba zake zimetawanyika mbalimbali kama ilivyo desturi ya wafugaji wa kondoo. Hadi mwaka 1959 ndipo baraza lao lilipounda shirika lake lenyewe la umeme na maji.

Kutawanyika kwa nyumba ndiko hutajwa kwanza kila yanapoulizwa maelezo ya giza hilo. Ni sababu ya kweli, lakini haitoshi. Mwaka 1966 serikali ya Washington, kwa sababu ya mgogoro wa ardhi kati ya Wanavajo na jirani zao Wahopi, ilipiga marufuku ujenzi wa aina yoyote katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 6,000. Hata kutengeneza paa bovu kulihitaji idhini. Amri hiyo ilidumu hadi mwaka 2009, na kwa muda wote huo hakuna nguzo iliyoweza kusimikwa huko kwa uhuru.

Na katika miaka hiyo hiyo nchi ya Wanavajo ilikuwa ikifua umeme kwa wingi wa ajabu. Karibu na mji wa Page ulijengwa mtambo wa makaa ya mawe uliokamilika mwaka 1976, wenye nguvu ya megawati 2,250. Makaa yalichimbwa Black Mesa, katika ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Umeme wake ulisukuma maji ya mto Colorado hadi Phoenix na Tucson, ukawasha pia taa za miji ya mbali. Nyaya zilipita juu ya mapaa ya watu waliokuwa wakitumia taa za mafuta na kuhifadhi nyama katika masanduku ya barafu. Wasomaji wa Kongo wanaijua habari ya namna hiyo: njia ya umeme itokayo Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700, imepita tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 juu ya vijiji vyenye giza kuelekea migodi ya Shaba.

Basi mafundi wa mwaka 2019 walikuta nini? Walikuta mwamba usiotobolewa upesi, mchanga unaomeza magurudumu, na nyumba ambayo kuifikia kulitaka nguzo nyingi kwa ajili ya familia moja. Inakadiriwa kwamba kuunganisha nyumba moja kulikuwa kukigharimu wastani wa dola 40,000. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuelezwa: shirika la Wanavajo litoe vifaa, na mashirika ya umeme ya miji mingine yatoe mafundi na magari. Mishahara ililipwa na waajiri wao, lakini kwenda hakukuwa lazima. Aliyekwenda alikwenda kwa hiari. Kabla ya hapo familia ilipaswa kutandaza nyaya ndani ya nyumba na kupata kibali cha njia kutoka kwa majirani wenye haki ya malisho, kazi ambayo mara nyingi ilichukua muda mrefu kuliko kusimika nguzo.

Kwa majuma sita waliunganisha nyumba zaidi ya 200. Ni kazi ya kusifiwa bila kusita. Hata hivyo nyumba zilizokuwa gizani zilikadiriwa kufikia 15,000, na karibu theluthi ya nyumba za Wanavajo hazikuwa na maji ya bomba. Kwa mwendo wa watu wa kujitolea peke yao, mtoto aliyezaliwa mwaka huo angezeeka kabla nyumba ya mwisho haijawaka.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2019 mtambo wa Page ulizimwa, na mwaka uliofuata mabomba yake ya moshi yakaangushwa kwa baruti. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwapiga Wanavajo vibaya, na safari za mafundi zikasimama. Zilirejea mwaka 2022. Katika misimu iliyofuata, miongoni mwa mashirika yaliyopeleka mafundi wake kusimika nguzo hizo lilikuwamo Salt River Project la Phoenix, lile lile lililokuwa likiuendesha mtambo wa Page.