Utafutaji wa kina mtandaoni: mfano wa Mto Tana na Garsen

Utafutaji wa kina mtandaoni ni ustadi wa kuiuliza injini ya utafutaji, kama vile Google, Bing au DuckDuckGo, kwa maneno na alama zilizochaguliwa kwa makusudi, ili ilete kurasa zinazohusika na kuziacha nyingine. Makala hii inaueleza ustadi huo kwa mfano wa bonde la chini la Mto Tana na mji wa Garsen, Kaunti ya Tana River, Kenya. Eneo hili ni mtihani mzuri. Lina maandishi mengi kuliko watu wanavyodhani, ila yametawanyika katika Kiingereza, Kijerumani, Kiswahili na lugha za wenyeji, yamefichwa chini ya majina yaliyobadilika, na karibu kila jina lake linagongana na jina jingine duniani.

Majina yanayogongana

Injini hushika neno kwanza, mahali baadaye. Roboti zake hutambaa kurasani, huchukua maneno na kuyapanga katika faharasa. Anayeuliza hujibiwa kutoka kwenye faharasa hiyo, wala si kutoka kwenye mtandao wenyewe. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata sifa kwa kuzipa uzito kurasa zinazoelekezewa viungo vingi na kurasa nyingine. Utaratibu huo huwafaa wenye sifa na kuwasahau wa pembeni.

Ukiandika Tana peke yake utaletewa Ziwa Tana la Ethiopia, chanzo cha Nile ya Buluu. Mto Tana wa mpakani mwa Norwei na Ufini. Tana Toraja ya kisiwa cha Sulawesi. Hata Antananarivo, ambao watu wengi huuita Tana kwa kifupi. Hola, makao makuu ya kaunti, ni salamu ya Kihispania na pia jarida la Uhispania la habari za watu mashuhuri. Bura ni lugha ya Nigeria, na hapa hapa Kenya kuna Bura nyingine Taita. Witu, katika kaunti jirani ya Lamu, ina mwenzake katika visiwa vya Papua New Guinea.

Kwa anayetafuta kwa Kiswahili mambo huzidi kuwa magumu, maana vijiji kadhaa vya delta vinaandikwa sawasawa na maneno ya kila siku: Ngao, Wema, Hewani. Anayetafuta kijiji cha Wema hupewa mawaidha, na anayetafuta Hewani hupewa ratiba za redio. Dawa ni kulifunga jina pamoja na jirani yake. Hakuna mawaidha yanayotaja Wema, Garsen na Tarasaa katika ukurasa mmoja. Jina la mji wa karibu, la tarafa au la mradi wa umwagiliaji hufanya kazi ambayo alama nyingi haziwezi, na hilo analijua mwenyeji wa Minjila kuliko mtaalamu wa kompyuta wa jiji lolote.

Alama na amri

Mantiki ya kuunganisha na kutenganisha maneno kwa NA, AU na SI ilielezwa na mwanahisabati George Boole katika kitabu chake cha mwaka 1854. Injini za mwanzo kama AltaVista, iliyofunguliwa mwaka 1995, ziliitumia wazi wazi, na hadi leo amri muhimu ni chache.

Alama za kunukuu hudai maneno yafuatane kama yalivyoandikwa: "Tana Delta" haitaleta ukurasa wenye Tana juu na Delta ya Niger chini. Kistari kinachogusa neno hulitoa neno hilo, kwa mfano Tana -Norway -Ethiopia -Toraja. Ukiacha nafasi kati ya kistari na neno, amri inapotea. OR, kwa herufi kubwa, hukubali hili au lile. Amri ya site: huibana injini kwenye tovuti moja au aina moja ya tovuti, na hapa muundo wa anwani za Kenya ni msaada mkubwa: go.ke ni serikali, ac.ke ni vyuo, or.ke ni mashirika yasiyo ya faida. Filetype: huchagua aina ya faili. Intitle: hutafuta katika kichwa cha ukurasa. Before: na after: huweka mipaka ya tarehe. Nyota hushika nafasi ya neno usilolijua.

Nguvu imo katika kuziunganisha. Ulizo kama hili:

"Tana Delta" OR Garsen mafuriko OR floods site:go.ke filetype:pdf after:2023-10-01

linaacha magazeti, video na matangazo ya nyumba za kulala wageni, na kubakiza ripoti za serikali za mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, yaliyokata barabara ya Garsen kwenda Lamu.

Orodha ndefu za amri zinazozungushwa kwenye simu zisiaminiwe zote. Google iliiacha alama ya kujumlisha mwaka 2011, na nakala za kurasa ilizokuwa ikizihifadhi iliziondoa mwaka 2024. Tarehe nazo ni za kukadiria: ukurasa wa 2012 uliopakwa rangi mpya mwaka 2020 unaweza kuhesabiwa kuwa wa 2020.

Viambishi vya Kiswahili

Injini zilikuzwa kwa Kiingereza, lugha inayobadilisha maneno zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilisha mwanzoni. Mpokomo, Wapokomo, Kipokomo na Upokomo kwetu ni ukoo mmoja. Kwa injini aghalabu ni maneno manne yasiyojuana, na Pokomo ya Kiingereza ni la tano. Vitenzi ni vibaya zaidi: yamefurika, yalipofurika, uliofurika. Kwa hiyo mtafutaji wa Kiswahili analazimika kuyaorodhesha maumbo mwenyewe (Wapokomo OR Kipokomo OR Pokomo), na inapowezekana kutumia nomino tulivu kama mafuriko badala ya kitenzi.

Tahajia za majina ya watu na mahali huongeza kazi. Wardei huandikwa pia Wardey. Kijiji cha Riketa kiko magazetini pia kama Reketa. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, umeandikwa Belesoni na Belazoni. Waorma katika vitabu vya zamani wameitwa Galla, jina ambalo sasa linahesabiwa kuwa tusi na halifai kuandikwa kama jina lao, lakini asiyeliandika kwenye kisanduku cha kutafutia hatapata karibu chochote cha kabla ya mwaka 1950 kuwahusu.

Majina yanayobadilika na wakati

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Garsen ni mji, ni jimbo la uchaguzi, na katika mazungumzo ni eneo zima la chini la mto. Lakini sensa ya 2019, iliyohesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, haikugawa kaunti kwa majimbo ya Garsen, Galole na Bura. Iliigawa kwa Tana Delta, Tana River na Tana North. Anayetafuta takwimu za kaunti ndogo ya Garsen katika faili za Shirika la Takwimu la Taifa ataondoka akidhani hazipo, ilhali ziko, chini ya Tana Delta.

Kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, kaunti ilikuwa Wilaya ya Tana River katika Mkoa wa Pwani, hivyo ripoti za zamani zitafutwe kwa "Tana River District". Mwanzoni mwa ukoloni eneo hilo lilikuwa katika mkoa ulioitwa Tanaland. Nyuma zaidi, Johann Ludwig Krapf, aliyeufikia mto huo mwaka 1851 akitokea Ukambani, aliuandika Dana. Kila jina hufungua rundo jingine la karatasi.

Hola ni mfano unaotosha kuonyesha faida. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliokuwa wamezuiliwa katika kambi ya Hola walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai vifo vilihusiana na maji waliyokunywa. Andika Hola tu, utasalimiwa kwa Kihispania. Andika "Hola" detainees 1959, mambo huanza kufunguka. Ongeza Hansard, na utafika kwenye mjadala wa Bunge la Uingereza wa Julai 1959, ambamo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, aliishambulia serikali ya chama chake mwenyewe. Kumbukumbu hizo za Bunge zimewekwa wazi mtandaoni. Baada ya mauaji hayo mji uliitwa Galole kwa muda, kwa hiyo nyaraka za miaka ya mwanzo ya uhuru ziulizwe kwa jina hilo.

Lugha za wengine

Maandishi ya karne ya 19 kuhusu Tana ya chini ni ya Kijerumani kwa kiasi kisichotarajiwa. Ndugu Clemens na Gustav Denhardt walipanda mto pamoja na daktari Gustav Fischer mwaka 1878. Kuanzia 1885 hadi 1890 Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Wamisionari wa Neukirchen walifungua kituo Ngao mwaka 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akachapisha maandishi kuhusu sarufi na msamiati wa Kipokomo. Jina lake liandikwe kwa namna tatu, Würtz, Wuertz na Wurtz, kwa kuwa mashine zilizosoma vitabu vilivyopigwa picha hazikukubaliana kuhusu zile nukta mbili. Anayejua kuandika Tanafluss, au Pokomo pamoja na Mission na Ngao, amepata mlango ambao Kiingereza hakina ufunguo wake. Upande wa Golbanti, waliokuwako ni Wamethodisti wa Uingereza, na hifadhi yao ya nyaraka iko SOAS, London.

Vitabu vya kisayansi vina ujanja wao. Kitabu cha Jean Ensminger cha mwaka 1992, *Making a Market*, ni miongoni mwa tafiti muhimu zaidi kuhusu Waorma wa Galole, lakini kichwa chake hakitaji Waorma, Tana wala Kenya. Utafiti wa Derek Nurse wa mwaka 2000 kuhusu Kiilwana, lugha ya kaskazini ya mto, nao kichwani umejitambulisha tu kuwa wa lugha mbili za Afrika Mashariki. Intitle: ingewakosa wote wawili. Katika Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, ni heri kutafuta ndani ya matini na kisha kufuata nani amewanukuu nani.

Wanyama hufuatwa kwa jina la Kilatini, ambalo halijali lugha, ingawa nalo huhama. Mbega mwekundu wa Tana yumo katika maandishi kama Colobus badius rufomitratus, Procolobus rufomitratus na sasa Piliocolobus rufomitratus. Neno la kushika ni rufomitratus, lisilobadilika. Mwenzake katika misitu ya kingo za mto, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1976, ni Cercocebus galeritus.

Habari za 2012 na uvumi

Mapigano ya delta ya Agosti 2012 hadi Januari 2013, ambayo kwa mauaji ya Riketa ya tarehe 22 Agosti pekee yaliua zaidi ya watu 50, yameandikwa sana na kwa haraka. Ulizo lenye mipaka, kama vile Riketa OR Reketa OR Kilelengwani after:2012-08-20 before:2013-02-01, husaidia kuona nini kilisemwa siku ile ile na nini kiliongezwa baadaye. Viungo vingi vya magazeti ya wakati huo vimekufa. Nation, kwa mfano, ilihamia anwani ya nation.africa mwaka 2020. Anwani ya zamani ibandikwe katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001.

Mapigano hayo yalizaa pia mradi ulio karibu sana na somo hili. Una Hakika, ulioanzishwa na The Sentinel Project ya Kanada pamoja na iHub Research ya Nairobi, uliwapa wakazi wa Tana Delta njia ya kutuma uvumi kwa simu, ukahakikiwa kupitia watu wa kuaminika vijijini, na jibu likarudishwa. Huo ulikuwa utafutaji usiohitaji intaneti kwa muulizaji, na katika eneo lenye mtandao wa kusuasua ulikuwa na akili zaidi kuliko amri yoyote iliyotajwa hapo juu. Kuusoma mtandaoni, jina lake lifungwe na Tana Delta, la sivyo utapewa kila mtu aliyewahi kumuuliza mwenzake kama ana hakika.

Picha huhakikiwa kwa kuziulizia zenyewe, kwa Google Lens au TinEye. Kila msimu wa mafuriko picha za nchi nyingine husambazwa zikiitwa za Garsen, na chanzo chake aghalabu hupatikana kwa dakika chache.

Kutafuta kwa mahali

Garsen iko karibu na -2.27, 40.12. Namba hizo zikiandikwa katika ramani za mtandaoni hazigongani na jina lolote, lakini alama ya kutoa isisahauliwe: bila hiyo utajikuta kaskazini mwa mji wa Wajir. Kwa namba hizo hizo mtu huweza kufungua picha za bure za setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo rada yake hupenya mawingu, na kuona maji yalifika wapi katika delta, eneo la hekta 163,600 lililoandikishwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu.

Visivyo mtandaoni

Ripoti nyingi za wakuu wa wilaya ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na kwenye filamu ndogo katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mtandaoni utapata orodha tu. Matoleo mengi ya zamani ya Gazeti Rasmi la Serikali yanasomeka Google Books, ingawa mashine iliyoyasoma huweza kuiona G kuwa C, na Garsen ikapotea kama Carsen. Kwa nyaraka za ofisi za umma ambazo hazijachapishwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu maombi ya maandishi kwa Kiingereza au Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kuamua, na saa 48 pale habari inapogusa uhai au uhuru wa mtu.