Hongo, Hazina na Halmashauri

Msafara wa kutoka pwani ukishavuka pori la Mgunda Mkali ulipita Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ukaingia Tabora. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Njiani watemi, yaani machifu wa Kinyamwezi, walidai hongo, yaani malipo ya kupita, na hongo hiyo ilibaki ikulu, ikatumika kulisha wageni na kuwatunza wapiganaji.

Mnywasele aliporithi utemi wa Unyanyembe, nchi ya Unyamwezi yenye Tabora, alikwenda mbali zaidi: alitoza ushuru bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakakataa, wakamwondoa na kumtawaza Mkasiwa. Mnywasele alipigana nao miaka mingi hadi alipouawa mwaka 1865. Kwangu mimi historia ya serikali za mitaa Unyamwezi inaanzia kwenye vita hivyo, maana swali lake halijabadilika: nani ana haki ya kutoza, na fedha zikae kwa nani?

Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, na baadaye wakaleta kodi yao ya kibanda. Waingereza wakafuata. Gavana Donald Cameron, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, aliwarudishia watemi baraza na hazina, lakini kwa masharti. Tozo na kazi ambazo raia walimfanyia mtemi zilifutwa. Badala yake serikali ilikusanya kodi, ikarudisha sehemu katika hazina ya wenyeji, na humo mtemi akalipwa mshahara. Tangu hapo mtemi alimtazama Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kabla ya kuwatazama watu wake. Sheria ya mwaka 1953 ilifungua njia ya mabaraza ya madiwani, nayo serikali huru ikafuta mamlaka ya watemi mwaka 1963. Waziri wa Sheria wa kwanza wa nchi huru, Abdallah Fundikira, alikuwa mwenyewe mtemi wa Unyanyembe.

Halmashauri zilizorithi kazi ya watemi hazikudumu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na maofisa wa serikali kuu wakachukua nafasi zao. Za miji zikafuata. Hapo wanavijiji waliwapoteza madiwani wao, na naliona hilo kuwa pigo zito kuliko kufutwa kwa watemi. Mwaka 1984 Rais Nyerere mwenyewe alikiri kwamba, kama angeanza upya, asingezifuta.

Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka huohuo, chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982: Namba 7 ya wilaya, Namba 8 ya miji, Namba 9 ya fedha. Ndiyo maana Tabora mjini inaongozwa kwa Namba 8, na Kigwa, iliyo katika Wilaya ya Uyui, kwa Namba 7, yenye mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji. Uyui ni nchi ya tumbaku, na ushuru wa zao hilo hulipwa na mnunuzi kwa halmashauri ya wilaya. Kiwango chake, hata hivyo, hupangwa na Bunge: mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3.