Dakika Nne Zinazokatwa

NHK, shirika la utangazaji la Japani, lilipoanza kurusha sumo redioni moja kwa moja kutoka Tokyo, Januari 1928, kikwazo kilikuwa muda. Hadi wakati huo wanamieleka wawili waliweza kuchuchumaa, kukodoleana macho, kuinuka, kwenda pembeni kuchota chumvi, kuirusha ulingoni na kuchuchumaa tena, hata mara ngapi, mpaka wote wawili wawe tayari kuvaana. Redio haikuweza kungoja hivyo. Ukawekwa ukomo wa dakika 10 kwa daraja la juu, nao ukapunguzwa baadaye hadi dakika 4. Mwaka 1952 zikaondolewa nguzo nne zilizobeba paa la ulingo, paa likaning'inizwa darini, ili watazamaji waone bila kizuizi. Mei 1953 zikafika kamera za televisheni.

Malalamiko ya mashabiki kuhusu matangazo yanayopungua yanaanzia hapo. Mchezo huu ulikubali kukatwa ili uonekane. Na kwa muda mrefu televisheni iliulipa vizuri. Machi 1969 bingwa mkuu Taiho, aliyekuwa ameshinda mapambano 45 mfululizo, alihukumiwa kushindwa na Toda. Picha zikaonyesha kwamba mguu wa Toda ndio uliotangulia kutoka nje. Shindano lililofuata, waamuzi wakaanza kutumia video.

Lakini stesheni za kibiashara, zilizogombania sumo miaka ya 1950, zilikuwa zimekwisha kujitoa moja baada ya nyingine, NHK ikabaki peke yake na matangazo ya moja kwa moja. Muhtasari wa usiku wa TV Asahi ulidumu hadi 2003. Huko Uingereza, Channel 4 iliwazoesha watu sumo mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaiacha. La kusikitisha ni hili: Kotooshu wa Bulgaria alipotwaa ubingwa Mei 2008, na Osunaarashi wa Misri alipokuwa Mwafrika wa kwanza kufika daraja la juu mwaka 2013, Channel 4 ilikuwa imeondoka zamani.

Pigo kubwa zaidi lilitokea Julai 2010. Baada ya kashfa ya wanamieleka kucheza kamari ya besiboli, NHK iliacha kurusha shindano la Nagoya moja kwa moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1953. Watazamaji wengi waliowasiliana na shirika hilo walitaka hivyo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo, katika siku 15 za shindano hilo bingwa mkuu Hakuho alishinda mapambano yote, shindano la tatu mfululizo bila kupoteza hata moja, na Wajapani wakaona vipande tu jioni. Kombe la Mfalme halikutolewa. Naamini adhabu ile iliwaangukia wasiohusika.

Machi 2024 TV Japan, chaneli ya kulipia iliyowahudumia watazamaji wa Amerika Kaskazini, ilifungwa, na wateja wakaelekezwa kwenye huduma ya intaneti. Kwa wengi nje ya Japani kilichobaki ni muhtasari wa NHK World, ambao unabana takriban saa mbili za daraja la juu ndani ya muda usiofika nusu saa. Muhtasari huo ni mzuri na hautozwi chochote. Ila hauna nafasi ya zile dakika 4. Pambano lenyewe mara nyingi huisha kwa sekunde chache. Chumvi, macho, kofi analojipiga mwanamieleka pajani, kelele za ukumbi zinazopanda kila wanaporudi kati, hayo ndiyo yanayompa mtazamaji sababu ya kujali nani ataanguka. Ukiyatoa, unaona watu wawili wakubwa wakigongana, basi.

Oktoba 2025 sumo ilirudi Royal Albert Hall, London, ilikofika mara ya mwisho 1991. Tiketi za siku zote tano ziliisha, na waliozinunua waliketi wakatazama matayarisho ya kila pambano mpaka mwisho.