Barua za Zamani Zilisomwaje?

Wasikilizaji wetu wa Singida, kwanza wekeni kalamu chini. Zamani za misafara, barua za Kiswahili zilizopita Kilimatinde, huko Manyoni, kwenda Tabora, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu hakina P. Waandishi walitia B. Alama ya I ndiyo ya E, na M kabla ya B mara nyingi iliachwa. Basi "pembe" liliweza kusomwa "bibi"! Tajiri akiagiza pembe za ndovu, mali nyingi hiyo, msomaji asiyezoea alishangaa. Mzoefu alikisia kwa maana. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama za sauti za Kiswahili. Lakini shule za serikali ya Wajerumani, zilizoanza miaka ya 1890, zilifundisha herufi za Kizungu, hizi mnazojifunza. Haya, shikeni kalamu. Andikeni: pembe. Chini yake: bibi.