Tumbaku na maziwa ya mama: historia tusiyosimuliana

Katika vikao vya akina mama hapa Kyambogo kuna swali lisiloisha: mama anayevuta sigara, je, aache kunyonyesha? Wengi wetu hujibu papo hapo kwamba aache, maziwa yake yameshakuwa sumu. Jibu hilo lina historia yake, nasi tumeona tuifuatilie.

Tumbaku si ngeni kwetu. Bibi zetu wengi walivuta kiko, wengine wakanusa ugoro, na hakuna aliyewanyooshea kidole. Sigara ya kiwandani ndiyo iliyokuja baadaye. Kampuni ya British American Tobacco ilijenga kiwanda Jinja mwaka 1928, huko huko inakoelekea barabara ipitayo chini ya kilima chetu. Na tazameni mwaka: mwaka mmoja kabla, 1927, watafiti wawili wa Marekani, Hatcher na Crosby, walikuwa wameshachapisha makala juu ya nikotini kutokea katika maziwa. Mwaka 1942 Perlman na wenzake wakaipima katika maziwa ya akina mama waliovuta sigara. Habari ilikuwepo, ila haikutufikia. Sigara ndizo zilizotufikia.

Nikotini hutoka kwenye damu na kuingia kwenye maziwa upesi sana, na humo hujikusanya hadi karibu mara tatu ya kiasi kilichomo kwenye damu. Baada ya saa moja na nusu hivi hupungua kwa nusu. Hupunguza pia homoni inayotengeneza maziwa, ndiyo maana mama anayevuta sana huona maziwa yanapungua, kisha huambiwa hana maziwa! Mwaka 2007 Julie Mennella na wenzake huko Marekani waliwaangalia watoto 15 kwa saa tatu na nusu. Siku mama alipovuta, mtoto alilala wastani wa dakika 53. Siku asipovuta, dakika 84.

Hapo msomaji atasema: basi aache kunyonyesha. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilisema hivyo, kikaiweka nikotini miongoni mwa vitu visivyofaa kwa mama anyonyeshaye. Mwaka 2001 kikaiondoa. Kilichowabadilisha ni kwamba mtoto anayeishi na moshi huku analishwa kwa chupa huweza kuumia zaidi kuliko yule anayeishi na moshi lakini ananyonya, hasa kwa magonjwa ya kifua.

Sisi wa Kampala hatukuwa na haja ya kungoja Marekani. Dr. Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere kuanzia 1959 hadi 1966, aliandika sana juu ya utapiamlo unaoletwa na biashara ya maziwa ya kopo, na Mulago ikapata kituo chake cha lishe, Mwanamugimu, katika miaka hiyo ya 1960. Maziwa ya unga yaliyozimuliwa kwa maji machafu yaliwadhoofisha watoto na kuwaharisha. Kanuni za kimataifa za kudhibiti biashara hiyo zilipitishwa mwaka 1981, na Uganda ikatunga zake 1997. Miaka miwili inayotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 233, ndiyo inayopendekezwa pia na Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo mama asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya sigara. Aiache sigara, na ikimshinda kwa sasa, anyonyeshe kwanza ndipo avute, nje ya nyumba, abadilishe nguo na anawe kabla ya kumbeba mtoto. Tena si mama peke yake. Katika nyumba zetu mvutaji mara nyingi ni baba, na moshi wake humfikia mtoto bila kupitia ziwa lolote.

Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2002 kwamba moshi wa hadharani unavunja haki za wasiovuta, kanuni zikafuata 2004. Sheria ya 2015 ikakataza kuvuta ndani ya mita 50 za maeneo ya umma, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na ikapiga marufuku shisha. Hiyo shisha mabinti zetu huambiwa ni safi kwa kuwa moshi wake umepita kwenye maji. Maji huupoza tu. Nikotini inabaki, na kwa mama anyonyeshaye inakwenda kule kule.