Hina haina weusi: jinsi nili ilivyoishia kwenye piko

Ukishuka Maili Moja pale Kibaha ukaulizia hina ya kupaka nywele, usishangae ukiulizwa: nyekundu au nyeusi? Swali la kawaida kabisa, kumbe nusu yake ni hewa. Mhina una rangi moja tu, nyekundu inayoelekea ya machungwa, na ndiyo hiyo hiyo waliyoitumia Wamisri wa kale.

Kwenye jani la mhina mna kemikali iitwayo lausoni. Ukisaga majani makavu, ukayakoroga kwa maji yenye ndimu na kuyaacha saa kadhaa, lausoni hutoka kwenye jani ikawa tayari kushikana na keratini, protini inayojenga nywele, kucha na ngozi ya juu. Ndiyo maana sabuni haiitoi: kwenye ngozi unasubiri ichakae yenyewe, kwenye nywele unasubiri zikue uzikate.

Ukimwona mzee wa Kisarawe anatoka msikitini na ndevu nyekundu, nyuma yake kuna kisa cha zamani sana. Hadithi inasimulia kuwa Makka ilipofunguliwa, Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume nywele zikiwa nyeupe pe. Ikaagizwa zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe.

Waliotaka weusi je? Walihitaji mmea wa pili, mnili. Unapaka hina kwanza, unaosha, kisha unapaka unga wa nili. Bluu inakaa juu ya wekundu, na jicho linaona nyeusi. Sisi watu wa Pwani nili tuliijua zaidi kwenye nguo: kaniki walizojifunga bibi zetu wa Kizaramo zililetwa kutoka India, na giza lake lilitokana na nili.

Hapo ndipo wakemia wanaingia. Mwaka 1840, Carl Julius Fritzsche, aliyekuwa akifanya kazi Urusi, aliichemsha nili pamoja na potasi kali akapata kimiminika chenye mafuta. Akakiita anilini, kutokana na *anil*, jina ambalo Wareno waliipa nili baada ya kulichukua kwa Waarabu. Yaani neno letu nili na neno anilini ni ndugu wa tumbo moja! Baadaye anilini ikawa inatengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, bila jani lolote. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaporomoka.

Katika ukoo huo wa anilini yumo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo tangu miaka ya 1880 Wafaransa waliijua kama rangi ya nywele. Yenyewe haina weusi. Inaupata ikikutana na oksijeni, na haimalizi hata saa moja. Bei yake ni rahisi. Piko nyingi ya siku hizi ni hiyo, na "hina nyeusi" nyingi ni hiyo hiyo imevalishwa jina la mhina.

Jina hilo lina gharama. PPD ikipakwa mkononi kama ua la harusi inaweza kutoa malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja huenda ukaikataa maisha yote, hata ukija kupaka nywele tu miaka kumi baadaye. Ikimezwa ni sumu ya kuua: huvimbisha koo na kuharibu figo. Huko Sudan, ambako wanawake waliichanganya na hina ili ikolee haraka, madaktari wa Khartoum waliandika mwaka 1992 juu ya watoto waliofikishwa hospitali kwa mchanganyiko huo.

Basi ukinunua, fungua paketi unuse. Hina halisi ni unga wa kijanikijani wenye harufu ya majani makavu, na itakuweka na kilemba kichwani saa nyingi. Muuzaji akikuahidi weusi kwa nusu saa, mwombe akuonyeshe maandishi ya viambato, utafute herufi tatu: PPD.