Amepona, Lakini Ni Dawa Iliyomponya?



Bila shaka umewahi kusikia maneno haya: "Nunua dawa hii. Shangazi yangu aliinywa siku tatu akapona kabisa." Huenda shangazi alipona kweli. Lakini je, ni dawa iliyomponya? Magonjwa mengine huisha yenyewe. Leo tutaona jinsi watu walivyojifunza kujibu swali hilo.

Turudi nyuma hadi mwaka wa 1747. Wakati huo mabaharia wengi walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu kwenye ufizi. Daktari James Lind, akiwa katika meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, alichukua wagonjwa 12 waliofanana hali. Wote waliishi mahali pamoja na kula chakula cha aina moja. Kisha akawagawanya wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Kuna waliopewa siki, wengine maji ya bahari, na wawili wakapewa machungwa na malimau. Hao wa machungwa ndio waliopata nafuu haraka, na baada ya siku sita mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Lind aliweza kuona tofauti kwa sababu alikuwa na watu wa kulinganisha nao. Hata hivyo, jeshi la wanamaji la Uingereza lilichukua hadi mwaka wa 1795 kuagiza mabaharia wapewe maji ya malimau.

Je, nani huamua ni mgonjwa yupi apewe dawa? Daktari akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa wale wenye nguvu bila hata kujijua, na dawa ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Jibu lilitolewa na utafiti wa dawa ya kifua kikuu, streptomaisini, uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1948. Dawa hiyo ilikuwa haba, haikuwatosha wagonjwa wote. Mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill alipanga wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, yaani kama kura, majibu yakiwa ndani ya bahasha zilizofungwa. Wagonjwa 55 walipata dawa pamoja na kupumzika kitandani. Wengine 52 walipumzika tu kama ilivyokuwa desturi. Hawa ndio tunaowaita kundi la ulinganisho. Baada ya miezi sita, walikuwa wamekufa 4 katika kundi la dawa, na 14 katika kundi la pili.

Sasa turudi nyumbani Kenya. Mwaka wa 1990, ukimwi ulipokuwa ukiua watu na tiba haijapatikana, ilitangazwa dawa ya kumumunya mdomoni iitwayo KEMRON. Wagonjwa walioitumia walisema wamepata nguvu, na matumaini yakaenea hadi ng'ambo. Lakini utafiti ule wa kwanza haukuwa na kundi la ulinganisho. Majaribio yaliyofuata, ukiwamo utafiti uliofanywa Uganda, yalikuwa na kundi lililopewa kitu kinachofanana na dawa hiyo lakini kisicho na dawa ndani. Haikuonekana kwamba KEMRON iliwasaidia wagonjwa kuliko kile kitu kitupu. Yalikuwa majonzi makubwa kwa familia zilizoitegemea.

Ndugu msikilizaji, nchi yetu pia imetoa mfano mwema. Kuanzia mwaka wa 2002, vijana 2,784 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ambao hawakuwa na virusi vya HIV, waliingia katika utafiti wa tohara. Kila mmoja alielezwa mambo yote kwanza, kisha akakubali kwa hiari. Hiyo huitwa ridhaa. Nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu watahiriwe mara moja, na nusu wasubiri. Wote walipewa ushauri wa kujikinga. Katika muda wa miaka miwili, waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na waliokuwa wakisubiri walikuwa 47. Mnamo Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, na waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa, kwa maana haikuwa haki kuwanyima. Lakini kumbuka, hao 22 walikuwa wametahiriwa na bado wakaambukizwa. Tohara hupunguza hatari, haiiondoi. Kondomu bado inahitajika.

Basi mtu akikuletea habari ya dawa mpya, muulize maswali matatu. Waliopona walilinganishwa na nani? Nani aliamua yupi apewe dawa? Na je, waliojaribiwa walielezwa wakakubali? Akikosa majibu, usiache dawa ulizopewa hospitalini kwa ajili ya maneno yake. Nawe ukiombwa kuingia katika utafiti, una haki ya kuuliza, kukataa, na hata kujiondoa baadaye bila kunyimwa matibabu.